Jini, génie na mzimu: majina matatu, njia tatu

Mu mitaa yetu, mtu akianza kusema peke yake ao kukimbia ovyo, majirani hawakawii: "Ule ana majini!" Sisi tunaona inafaa kwanza kuuliza neno hili lilitoka wapi.

Jini ni neno la Kiarabu. Mzizi wake una maana ya kuficha, kufunika; jini basi ni kiumbe kisichoonekana. Ku mzizi ule ule Waarabu walipata janin, mtoto aliye bado ndani ya tumbo, na majnun, mtu aliyeshikwa na jini, ni kusema mwenda wazimu. Kurani yenyewe ina sura ya 72 inayoitwa Al-Jinn. Neno likaingia mu Kiswahili cha pwani, na Kiswahili kikafika Maniema na misafara ya karne ya 19, wakati wa Tippu Tip kule Kasongo. Lakini tusidanganyike na sauti: "majini" ya mu maji, kwenye wazee wanaweka mamba muntu, ni neno lingine kabisa.

Waliosoma Kifaransa wanasema jini ni génie tu. Hapana. Génie ni mtoto wa neno la Kilatini genius, mlinzi anayezaliwa pamoja na mtu. Antoine Galland, aliyetoa tafsiri ya Usiku Elfu na Moja kati ya 1704 na 1717, ndiye aliyewazoesha Wafaransa kuita jini kwa jina hilo, kwani sauti na maana zilikaribiana.

Mzimu naye ni wa kwetu, Wabantu. Jini hana kaburi. Mzimu ana kaburi, ana jina, ana wajukuu. Kuchanganya wote wawili ni kuwatukana wazee wetu.

Lakini ona: kama vile jini alizaa majnun, mzimu alizaa wazimu. Waarabu na Wabantu, bila kupatana, waliweka ugonjwa wa akili ku mgongo wa wasioonekana, kwani hawakuwa na jina lingine la kuuita. Leo jina liko, na dawa ziko. Hata hivyo, wagonjwa wengine wangali wanafungwa kamba na kunyimwa chakula eti jini atoke.

Hadithi za majini tuzilinde, tuwasimulie watoto mangaribi. Mgonjwa, yeye, tumpeleke kwa munganga.