Tembe na Kiyoyozi: Juu ya Kutunza Ubaridi wa Nyumba Katika Ugogo

Tangu Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma kwa nguvu mwaka 1016 + 1000, yaani 2016, macho ya mgeni anayeingia mjini hukutana na masanduku meupe yaliyotundikwa kwenye kuta za nje za nyumba mpya. Sanduku hilo ni nusu ya kiyoyozi. Nusu ya pili imo chumbani. Wenye nyumba hizo wana adui mmoja, naye ni vumbi. Upepo wa kiangazi huliokota katika mashamba yaliyovunwa na katika barabara zisizo na lami, ukalijaza katika chujio la mashine. Chujio likiziba, hewa haipiti sawasawa, barafu huganda juu ya mabomba, na mashine hula umeme mwingi na kutoa ubaridi haba. Fundi huitwa. Huosha chujio, husafisha mapezi ya sanduku la nje, huzibua mpira wa kutolea maji, hupima gesi, hupokea ujira wake na kwenda zake. Baada ya miezi michache huitwa tena.

Siyasemi haya kwa kubeza. Nayasema kwa kuwa wako wanaodhani kwamba utunzaji wa ubaridi wa nyumba ni kazi iliyoletwa Ugogo pamoja na waya za umeme, na kwamba kabla ya hapo watu walivumilia joto kama walivyojaliwa. Kiyoyozi chenyewe ni kijana: Willis Carrier, mhandisi wa Kimarekani, alibuni mtambo wake wa kwanza mwaka 1902 kwa ajili ya kiwanda cha kupiga chapa huko Brooklyn, ambako unyevu wa hewa ulikuwa ukiharibu karatasi. Hakuwa akifikiria usingizi wa mtu yeyote. Tembe la Ugogo ni kongwe kuliko mtambo huo. Richard Burton aliyakuta matembe alipopita Ugogo mwaka 1857 akielekea Kazeh, yaani Tabora, na misafara ya Waarabu na Wanyamwezi ilikuwa imekwisha kuyazoea kabla yake.

Tembe ni nyumba ndefu, ya chini, yenye dari bapa la udongo. Nguzo za miti migumu huchimbiwa ardhini. Juu yake hulazwa boriti, juu ya boriti fito, juu ya fito matawi na majani, na juu ya yote udongo ulioshindiliwa. Kuta ni za miti iliyokandikwa kwa udongo. Kaya kamili ilikuwa na mabawa kadhaa ya matembe yaliyozunguka ua, na uani ndimo ng'ombe walimolala. Milango ilielekea ndani. Kwa nje palionekana ukuta mtupu, wenye vitundu vidogo tu au usiwe na tundu kabisa. Jambo hili lilikuwa na maana ya vita kama lilivyokuwa na maana ya hewa, maana udongo haushiki moto upesi kama nyasi, na mwizi wa ng'ombe hapati mlango upande wake.

Lakini tuitazame maana ya hewa. Dodoma iko kwenye mita 1,100 na zaidi juu ya usawa wa bahari. Mchana wa Oktoba na Novemba joto hufikia nyuzi 30 na kupita. Usiku wa Julai hushuka mpaka kwenye 13 au 14. Mbingu ya kiangazi haina mawingu, na nchi hupoteza joto lake upesi mara jua linapotua. Hapo ndipo udongo unapofanya kazi. Joto halipenyi udongo mkavu kwa haraka. Kwa hesabu ya jumla husafiri sentimita mbili au tatu kwa saa, na huku likidhoofika njiani. Dari lenye udongo wa shubiri moja hupokea jua la saa saba mchana, na joto hilo huufikia uso wa ndani usiku, wakati ambapo nje kumekwisha kupoa na mtu anahitaji kujifunika. Asubuhi dari huwa limeutema moto wake angani, nalo huianza siku likiwa baridi. Bati halina subira hiyo. Jua likichomoza nalo limepata moto. Jua likitua nalo limepoa, na aliye chini yake huyapata yote mawili, joto la adhuhuri na baridi ya alfajiri.

Ubaridi huu, walakini, haukuwa wa bure. Mvua ya Dodoma ni kiasi cha milimita 570 kwa mwaka, nayo huanguka karibu yote kati ya Desemba na Aprili, mara nyingi kwa vishindo. Uchache huo ndio uliolifanya dari bapa liwezekane. Vishindo hivyo ndivyo vilivyolifanya lidai kazi kila mwaka. Kwa miezi saba ya jua udongo wa juu hukauka na kupasuka. Nyufa zisipozibwa kabla ya mvua ya kwanza, maji huingia, huozesha matawi, hulainisha kuta, na dari lililolowa huwa zito kupita nguvu za boriti zake. Kwa hiyo kabla ya mvua mtu hupanda darini, hutazama mahali palipobonyea, huongeza udongo na kuushindilia, hutengeneza mwinamo mdogo ili maji yasituame. Baada ya mvua majani huota juu ya nyumba kama yaotavyo shambani, na mizizi yake hufungua njia za maji, nayo hung'olewa. Dari lenyewe halikukaa bure: mavuno na mboga za mlenda zilianikwa hapo, na aliyepanda kuzianua aliona ufa ulipo bila ya kutumwa kuutafuta.

Moshi nao ulikuwa sehemu ya utunzaji, ingawa aliyeupumua hakuufurahia. Moto wa jikoni ulizikausha boriti na kuzipaka masizi, ukawasumbua mchwa, na nafaka iliyowekwa ndani ikapata kinga kidogo dhidi ya wadudu. Tembe lililohamwa halidumu. Kwanza huzimika moto, kisha huja mchwa, kisha huja mvua.

Msomaji asidhani kwamba ninaisifu nyumba hii ili nimrudishe mtu ndani yake. Giza lake lilikuwa giza kweli, na moshi huo uliozitunza boriti uliyaumiza macho na vifua vya waliopika. Juu ya hayo kuna papasi. Kupe huyu asiye na gamba gumu hujificha katika nyufa za sakafu na kuta za udongo, hutoka usiku, hunyonya damu kwa muda mfupi na kurudi mafichoni, naye aweza kukaa miaka bila ya kula. Homa ya papasi, ambayo humshika mtu, ikamwachia, ikamrudia tena, ni ugonjwa wa zamani katika nchi hii. Joseph Everett Dutton alikufa kwa homa hiyo huko Kongo mwaka 1905 alipokuwa akiichunguza, na kijidudu chake kikapewa jina lake; mwaka huohuo Robert Koch aliwachunguza papasi katika Afrika Mashariki ya Kijerumani. Ugogo haukuepukana nayo: katika nyakati zilizo karibu nasi zaidi wataalamu wamewakuta papasi katika matembe ya upande wa Mvumi. Hapo utunzaji wa nyumba uligeuka kuwa jambo la uhai. Sakafu ikandikwe upya, nyufa zizibwe, kitanda kiinuliwe mbali na ukuta. Mwanamke mwenye mimba ndiye aliyekuwa katika hatari kubwa zaidi, yeye na mtoto aliye tumboni.

Basi bati lilipokuja, lilikuja na hoja. Reli ilifika Dodoma mwaka 1910, na palipo na reli mzigo wa mabati haubebwi tena kichwani. Wajerumani walijenga kwa kuta nene na baraza, wakafunika kwa bati; mchanganyiko huo si mbaya, kwa sababu ukuta mnene na kivuli cha baraza hulipa sehemu ya deni la bati. Waliowafuata walichukua bati na kuacha unene. Mwaka 1971, katika Operesheni Dodoma, watu waliokuwa wametawanyika katika kaya zao walikusanywa katika vijiji vya Ujamaa, na viwanja vikapangwa kwa mistari. Kaya ya mabawa manne yenye ng'ombe katikati haiingii katika kiwanja cha mstari. Hiki, kwa maoni yangu, ndicho kilicholidhuru tembe kuliko maneno yote ya kulisema kuwa ni nyumba ya kishamba. Wengi walijenga tena tembe kijijini, lakini lilikuwa bawa moja, lisilo na ua wake.

Kisha miti ilipungua. Dari la udongo lataka boriti nene nyingi, na hizo hazitoki katika vichaka vilivyokwisha kukatwa kwa kuni na mkaa. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma ulianzishwa mwaka 1973, mwaka uleule ulioamuliwa kwamba makao makuu yahamie hapa, na hali ya Kondoa ilikuwa mbaya hata mwaka 1979 mifugo ikaondolewa katika eneo lililomomonyoka. Katika nchi ya namna hiyo mtu hawezi kulaumiwa kwa kununua mabati kumi badala ya kutafuta nguzo arobaini. Bati pia humpunguzia kazi: hapandi tena juu kila Novemba. Kazi ile imehama tu. Aliye na fedha humlipa fundi wa kiyoyozi pamoja na umeme; asiye nazo huutoa mkeka wake nje mchana na kuufuata mti.

Nyumba ya Makumbusho ya Kijiji, Dar es Salaam, iliyofunguliwa miaka ya 1960, ilikusanya nyumba za makabila mbalimbali ya nchi, na matembe yamo. Mvua ya Dar es Salaam yapata mara mbili ya ile ya Dodoma, nayo huja katika misimu miwili. Mlinzi wa tembe katika mji huo ana kazi kubwa kuliko Mgogo yeyote aliyepata kulipandia dari lake, wala hana moto wa jikoni wa kumsaidia.