Hisa na hazina za pamoja: Ushuru hukatwa wapi?

MWEKEZAJI anayenunua hisa katika Soko la Hisa la Nairobi (NSE) na mwenzake anayetia fedha katika hazina ya uwekezaji wa pamoja hutozwa ushuru na serikali moja, ila si kwa njia moja.

Kampuni inapotoa mgao wa faida, humkata mwenyehisa mkazi wa Kenya asilimia 5 na kuiwasilisha kwa Mamlaka ya Ushuru (KRA). Makato hayo ni ya mwisho. Mgao haujumlishwi na mshahara. Faida ya kuuza hisa zilizoorodheshwa NSE nayo haiguswi na ule ushuru uliorejeshwa 2015 kwa asilimia 5 na kupandishwa hadi 15 mwaka 2023. Huo humsubiri muuza ploti.

Hazina zilizosajiliwa zimesamehewa ushuru wa mapato, isipokuwa ule unaokatwa kwenye riba na mgao kabla ya fedha kuzifikia. Anachopokea mwanachama baadaye huhesabiwa kuwa kimekwisha kulipiwa. La kuuliza, basi, ni hazina imewekeza wapi. Ile ya hisa hukatwa asilimia 5 ya mgao, sawasawa na mwenyehisa. Ile ya soko la fedha, kipenzi cha wengi, huishi kwa riba ya benki na ya mikopo ya muda mfupi kwa serikali, inayokatwa asilimia 15. Kati ya Sh10,000, wa mgao hubaki na Sh9,500, wa riba Sh8,500.

Wanaolalamikia ushuru, hata hivyo, mara nyingi husahau ada. Meneja wa hazina hulipwa kwa kupima mali yote, si pato. Tuseme hisa za Sh100,000 zimetoa mgao wa Sh6,000. Ushuru ni Sh300. Meneja akitoza asilimia 2 kwa mwaka, huchukua Sh2,000. Mwenye hisa zake mwenyewe humlipa wakala anaponunua na anapouza tu, lakini kampuni yake moja ikikosa kutangaza mgao, hana pengine pa kushika.

Mkenya anayewekeza akiwa Marekani asitumie hesabu hizi. Huko hazina hulazimika kuwagawia wanachama faida ya hisa ilizouza, nao hutozwa ushuru mwaka huohuo hata kama hawakuuza chochote, isipokuwa fedha ziwe katika akaunti ya kustaafu. Mwenyehisa wa huko hujichagulia siku ya kuuza.