Asili ya Grafu

Wanafunzi wengi hudhani kwamba grafu ilibuniwa na wataalamu kwa ajili ya wataalamu. Lakini mzizi wake mmoja umo katika somo alilopewa kijana yatima na nduguye.

William Playfair alizaliwa Uskoti mwaka 1759. Baba yake, aliyekuwa mchungaji wa kanisa, alifariki mwaka 1772, na malezi yakamwangukia kaka yake John, ambaye baadaye alikuwa profesa wa hisabati huko Edinburgh. John alimwagiza mdogo wake aandike vipimo vya kipimajoto kwa mistari: joto likizidi, mstari urefuke, likipungua, ufupike.

Somo hilo halikupotea. Mwaka 1786 Playfair alitoa kitabu chenye grafu 44. Kuhusu biashara ya Uskoti alikuwa na hesabu za mwaka mmoja tu, wala hakuweza kuchora mwendo wa miaka; basi akachora mihimili, kila nchi na mihimili yake. Mwaka 1801 akatoa duara lililogawanywa vipande.

Watu wa zama zake hawakuzoea michoro hiyo. Ili kuwaelewesha, alitoa mfano wa mfanyabiashara apangaye kila jioni sarafu za dhahabu alizopokea mchana kutwa, fungu moja kwa kila siku. Urefu wa mafungu humwonyesha upesi siku njema na siku mbaya. Grafu ni mafungu hayo yaliyolazwa karatasini.

Mfano huu wamfaa sana mwalimu wa watoto wadogo. Kila mtoto na apewe kibiriti kitupu, akiweke juu ya fungu lake: waliokuja shuleni kwa miguu, kwa baiskeli, au kwa basi. Kabla hawajashika penseli, watakuwa wameiona grafu na kuijenga kwa mikono yao.

Ila pana sharti. Vibiriti viwe vya kipimo kimoja, na mafungu yote yaanzie mstari mmoja. Fungu la vibiriti vikubwa vitatu laweza kulipita la vidogo vinne, na jicho likadanganyika. Watu wazima nao hudanganywa hivyo hivyo magazetini, pale mihimili isipoanzia sifuri.

Kwa upande mwingine, grafu ya haki ina nguvu kubwa. Mwaka 1858 Florence Nightingale aliwaonyesha wakuu wa Uingereza, kwa michoro, kwamba katika vita vya Crimea maradhi yaliwaua askari wengi kuliko majeraha.

Basi, msomaji, uonapo grafu, uliza kwanza: je, vibiriti vyote ni sawa, na vyote vimeanzia mstari mmoja?