Gari Lina Mlo

Mwezi uliopita nililetewa kijitabu cha kurasa 12 kilichotafsiriwa kwa ajili ya madereva, nikaombwa nikipitie kabla ya kuchapwa upya. Sura ya tatu ina kichwa hiki: "Utambuzi wa Sababu za Ongezeko la Kiwango cha Utumiaji wa Mafuta Kisicho cha Kawaida." Maneno 14. Hata sarufi yake imeyumba, maana "kisicho" kimeshikamana na kiwango, ilhali kilichotoka kwenye kawaida ni ongezeko. Dereva wa Noah anayepakia abiria pale Msamvu, Morogoro, akishika kijitabu hiki, atakirudisha mezani kabla hajafika neno la sita. Yeye jambo hilo hulisema kwa maneno matatu: gari linakula mafuta.

Sitaeleza hapa mafuta huchomwaje ndani ya silinda. Wasomaji wa makala haya wana magari, au wamepanda ya jirani, na wanajua uchungu wa kupita kituoni kila baada ya siku mbili. Ninalotaka kulitetea ni neno. Nimelitetea kwa miaka mingi, mdomoni na kwa maandishi, na kijitabu hiki kimenirudisha uwanjani. Neno lenyewe ni mlo.

Nianze na lile ambalo kamati za istilahi zimelikumbatia, "matumizi", pamoja na nduguye mrefu "utumiaji". Kitenzi chake ni kutumia, na kutumia ni kutuma kulikotiwa kiambishi cha kutendea. Anayetumia kitu, kwa asili ya neno, anakituma kimfanyie kazi. Mtumiaji basi ni mtu mwenye nia: ndiye aliyeamua safari, akakata shauri aende Dar es Salaam na si Mikumi, akawasha kiyoyozi. Matumizi ni habari za mtu huyo na mfuko wake. Ndiyo maana tunasema matumizi ya nyumbani, na mama huachiwa "hela ya matumizi". Neno zuri, lina kazi yake, na sina ugomvi nalo likikaa kwake.

Ugomvi unaanza linapohamishiwa kwenye injini. Chukua watu wawili wa Kilakala wenye Corolla za aina moja. Wa kwanza mwezi huu ameenda msibani Kinole mara tatu, na akampeleka mtoto chuoni Mzumbe. Matumizi yake ya mafuta yamepanda, na gari lake ni zima. Wa pili hajatoka mjini, safari zake ni zile zile za kazini na sokoni, lakini lita alizozoea hazimfikishi wiki. Naye tunasema matumizi yamepanda. Maneno yale yale kwa mambo mawili yasiyohusiana! Wa kwanza atazame ratiba yake, wa pili aende gereji. Istilahi isiyomtenganisha mgonjwa na mzima haijafanya kazi iliyoitwa kuifanya, hata ingepigwa mihuri mia.

Sasa tazama -la. Ni kitenzi cha silabi moja, cha Kibantu tangu na tangu, kifupi hivi kwamba hakisimami bila kuazima ku- ya kutegemea: linakula, limekula, litakula. Lakini kwa maana hakuna kitenzi kipana kama hiki. Moto unakula kuni. Kutu imekula bati. Saa ya ukutani inakula betri. Mchezaji wa bao anakula kete za mwenzake. Watu wanakula kiapo, wanakula njama, wanakula hasara. Katika yote haya tumbo halitafutwi. Na katika moto, kutu na saa, kinachotafutwa ni kitu kupungua kwa sababu kingine kinaendelea kwa nguvu yake. Hiyo, neno kwa neno, ndiyo kazi ya injini.

Nasisitiza moto, kwa sababu humo ndimo asili ya usemi wa mafundi ilimo. Bibi yangu, kule Mgeta kwenye milima ya Uluguru, hakupata kumiliki gari. Alikuwa na kandili. Jioni nyingine mwanga ulikuwa unafifia, kioo kinaingia weusi kuanzia juu, na mafuta ya taa yanashuka upesi kuliko jana. Alisema, "Kandili hii leo inakula," akaizima, akatoa kioo, akakata ncha ya utambi iliyoungua upande, akafuta masizi kwa kitambaa, akawasha tena na kushusha utambi kidogo. Nilimtazama akifanya hivyo mara nyingi sana. Hatua zote za uchunguzi zilikuwamo: dalili, chanzo, tiba. Gari lilipofika Uluguru lilikuta kitenzi chake kimekwisha kuandaliwa na kandili, na fundi aliyesema "linakula mafuta" hakubuni sitiari, alirithi.

Na mafuta yenyewe? Wapo wanaolihusisha neno hili na kufuta. Hilo ni kosa. Mafuta ni neno la Kibantu la shahamu, la kitu cha kuliwa: Kilingala husema mafuta, Kizulu husema amafutha, na Mzulu hakupita pwani yetu kuliazima. Lilikuwa chunguni karne nyingi kabla ya kumiminwa kwenye tangi. Kuliunganisha na kula ni kulirudisha jamaa kwa jamaa.

Wenzetu wamelitazamaje jambo hili? Kilatini kilisema consumere, kutwaa chote mpaka kiishe, na Ulaya nyingi ikafuata. Mjerumani ana Verbrauch, iliyojengwa juu ya kitenzi chake cha kutumia, na kama kamati zetu zingetaka kujitetea zingeweza kumwita shahidi. Mwarabu husema istihlaki, na Mswahili wa Muscat huisikia kila siku, lakini chimbuko lake ndilo lililotupa sisi kuhiliki, yaani kuangamia. Mjapani, ambaye magari yake yaliyokwishatumika ndiyo yamejaa barabara za Morogoro, ameandika kwenye dashibodi herufi mbili zisomwazo nenpi: ya kwanza ni kuchoma, ya pili ni gharama. Herufi mbili tu. Kila taifa limechukua picha iliyo mkononi mwake. Yetu ni kula, na hatuna sababu ya kuiona haya.

Kwa jambo hili la kula, lugha inatupa majina matatu, na kila moja lina kiti chake. Ulaji, kwa kiambishi -aji, ni tendo na mazoea. Ulafi ni ulaji uliovuka mpaka, na kamusi zimeufunga na kulafua, kula kwa pupa. Mlo, kwa -o ya mwisho, ni kipimo cha kinacholiwa. Hoja yangu kubwa, ambayo haijajibiwa hadi leo, ni hii: tazama mwendo. Umetokana na -enda kwa njia ile ile, m- mbele na -o nyuma. Nani leo anashangaa kusikia mwendo wa kilomita 50 kwa saa? Askari wa barabarani anakwambia, "Mwendo wako ulikuwa 72," nawe unaelewa na kuhuzunika. Hakuna kamati iliyodai uitwe "kiwango cha uendaji wa chombo". Kama -enda imezaa mwendo unaopimwa kwa kilomita kwa saa, -la imezaa mlo unaopimwa kwa lita kwa kilomita 100. Anayeukubali wa kwanza na kuukataa wa pili atuambie kanuni anayoifuata.

Nililieleza hili miaka kadhaa iliyopita katika kikao kimoja cha istilahi. Sitataja kikao wala waliokaa mezani. Mmoja wao, mtu wa vyeti vizuri, aliuliza mbele ya wote kama gari lina tumbo. Watu wakacheka, hoja ikafungwa, na kwenye muhtasari haikuandikwa hata kwamba nilisema. Jibu langu nalitoa hapa, kwa kuwa siku ile sikupewa nafasi. Kwanza, moto hauna tumbo, na kutu haina. Pili, anayekubali meno ya gia na mdomo wa tangi hana haki ya kuogopa mlo. Tatu, sheria na kodi zetu zimekwisha kumwita mnunuzi wa sufuria na bati "mlaji", na tunazungumzia kumlinda mlaji bila mtu kuuliza anazitafuna vipi. Iweje mnunuzi wa bati awe mlaji, na injini inayomeza petroli kweli kweli inyimwe mlo?

Wengine walikuja na kipingamizi cha heshima zaidi: kwamba ulaji, mtaani, umekuwa jina la vyeo na rushwa. Nakubali. Ndiyo sababu sikupendekeza ulaji kuwa kipimo. Mlo haujachafuka. Bado ni wa mezani, milo mitatu kwa siku, wa kiasi na wa saa. Ukisema mlo wa gari hili ni lita nane, hakuna anayefikiria ofisi ya mtu.

Yupo pia mwandishi mmoja anayepigania "unywaji", akitegemea kwamba jirani zetu wa Kenya husema gari linakunywa mafuta, na kwamba petroli ni kimiminika. Namheshimu, lakini amepotea. Kinywaji humezwa kilivyo. Petroli haimezwi ilivyo, inageuka mvuke, inachanganywa na hewa, kwa uzito takriban sehemu 14.7 za hewa kwa moja ya petroli, kisha inaungua. Kinachoungua huliwa. Isitoshe, unywaji katika Kiswahili cha Bara umekwisha kukabidhiwa pombe.

Faida ya mlo niliiona kwa gari langu mwenyewe. Nyumba yangu ipo Kilakala, chini ya milima, na safari zangu za asubuhi ni za kuteremka mjini. Lita 20 zilizokuwa zikinipa kilomita 240 zikawa zinanipa 160. Nilikwenda kwa fundi kijana wa Msamvu.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, kijana wangu. Gari linakula."

"Linakula kiasi gani?"

Swali hilo ndilo hasa! Lilihitaji jina moja la kujibia, na jina lipo: mlo ulikuwa lita 8.3 kwa kilomita 100, sasa ni 12.5. Umepanda kwa nusu nzima. Kijana alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Hapo mwalimu umenirahisishia." Akafungua plagi ya kwanza na kuniwekea kiganjani. Ilikuwa imevaa masizi makavu, meusi, yaliyobaki kwenye kidole, yale yale ya kioo cha kandili ya bibi yangu. Akaniuliza kama mshale wa joto hufika katikati. Nikakumbuka kwamba kwa muda mrefu haujafika. Akafungua nyumba ya themostati. Ilikuwa tupu.

Fundi wa kabla yake alikuwa ameitoa akisema Morogoro ni joto, haina kazi. Kumbe bila kizibo kile maji huzunguka hadi kwenye rejeta tangu injini inapowaka, na kwenye mteremko wa asubuhi injini haipati moto wake. Kompyuta, ikiona injini ni baridi, inazidi kuinyunyizia petroli. Ilirudishwa themostati nyingine, plagi zikabadilishwa, na mlo ukashuka mpaka 8.5.

Mwenye gari afanye hivi: ajaze tangi mpaka pampu ikate, arudishe tripu kwenye sifuri, atembee, ajaze tena pampu ile ile, agawe lita kwa kilomita na kuzidisha kwa 100. Mlo ukiwa umepanda, akague upepo wa matairi, chujio la hewa, plagi, breki zinazokamata, sensa ya oksijeni na themostati. Mlo ukiwa ule ule, gari ni zima, na kilichopanda ni matumizi yake.

Nimekirudisha kijitabu. Kichwa cha sura ya tatu nimekikata kwa kalamu nyekundu na kuandika juu yake: "Kwa Nini Mlo wa Gari Umepanda." Pale gari linapokwisha kuthibitika kuwa bovu nimeandika ulafi, na pale inapozungumziwa fedha nimeliacha matumizi, kwa kuwa hapo ni kwake. Sijui waliokituma watakubali au watanirudishia maneno yao 14. Mamlaka ya nishati hutangaza bei kikomo za mafuta kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na siku hiyo kila mwenye gari hupiga hesabu. Nakuomba, msomaji, mwezi ujao uipige yako kwa jina hili. Pima mlo wa gari lako, uandike kwenye daftari, umtajie fundi wako kwa jina hilo. Mwendo haukuidhinishwa na kikao chochote kabla ya kuingia barabarani. Ulitamkwa na watu waliouhitaji.