Sarah Ukutani, Khadija Kwenye Kipaza Sauti

Mwaka mpya wa 1895 uliikuta Paris na mwanamke ukutani. Bango la tamthilia ya Gismonda ya Victorien Sardou lilikuwa na urefu wa zaidi ya mita 2, na ndani yake mwigizaji Sarah Bernhardt amesimama karibu na kimo cha mtu, joho zito limemwagika hadi miguuni, mkononi tawi la mtende, jina lake limepindishwa juu ya kichwa. Mchoraji wake, Alphonse Mucha kutoka Moravia, hakuwa na jina lolote mjini. Mabango yaliibwa ukutani usiku na watu waliotaka kuyatundika majumbani mwao. Sarah akampa Mucha mkataba wa miaka 6, na alipokwenda kuzunguka Marekani mwaka 1896 bango lilelile likachapwa upya kule ili limtangulie.

Mtu wa Kariakoo akilitazama bango hilo atauliza: kiingilio shilingi ngapi? Halisemi. Halitaji siku wala saa. Lina jina la mchezo, jina la mwigizaji na jina la ukumbi, Théâtre de la Renaissance, basi. Linamdai mpita njia amtazame Sarah kwanza; mengine atayatafuta mwenyewe.

Tangazo la burudani la Dar es Salaam limezaliwa kwa njia nyingine. Katika miaka ya 1990, Muungano, kikundi kilichoanzishwa mwaka 1980, na Tanzania One Theatre, yaani TOT, iliyoundwa na CCM mwaka 1992 vyama vingi vilipoingia, vilikuwa vikizunguka kumbi na baa za jiji. Onyesho moja lilibeba ngoma, sarakasi, vichekesho, maigizo na taarabu. Karatasi iliyobandikwa kwenye nguzo ya umeme au ukuta wa duka ilikuwa na maandishi matupu: kikundi, ukumbi, siku, kiingilio. Kazi ya kuvuta watu ilifanywa na gari la matangazo, spika juu ya paa, likipita polepole mitaani huku mtangazaji akichagiza na wimbo ukikatizwa pale utamu unapoanza.

Na kilichotangazwa kilikuwa ugomvi. Mwimbaji wa taarabu Khadija Kopa, aliyetokea Culture Musical Club ya Unguja, alivuma na TOT. Upande wa Muungano alikuwapo Nasma Khamis Kidogo. Mipasho yao, yaani nyimbo za vijembe, ilijibizana, na mashabiki waligawanyika kama wa Simba na Yanga. Sarah aliuzwa peke yake, mtulivu, mfano wa picha ya mtakatifu kanisani. Khadija aliuzwa akiwa na mpinzani, na mwenye tiketi alijua anakwenda kusikia jibu. Mimi naona hii ni sanaa kamili ya utangazaji, na sikubali ihesabiwe kuwa dalili ya kukosa wachoraji. Jiji hili lina wachoraji hodari toka zamani. Lakini hadhira iliyokuzwa na ngonjera, taarabu na majibizano ya vyama vya lelemama huvutwa na kauli kabla ya sura.

Hata hivyo kuna tofauti inayoniuma, nayo ni ya umiliki. Sarah aliishika Renaissance mwenyewe tangu 1893. Yeye ndiye aliyeagiza bango, akalipia, akaongeza nakala nyingine za kuwauzia wakusanyaji. Uso ule ulikuwa mali yake. Wanawake wa jukwaa letu walikuwa wasanii wa kikundi, na vikundi viliongozwa na wanaume: Norbert Chenga Muungano, Kapteni John Komba TOT. Jina lililoandikwa kwa herufi nene lilikuwa la kikundi. Tena katika vichekesho vya zamani nafasi ya mwanamke ilichezwa na mwanamume aliyejifunga kanga, wakati Sarah, mwaka 1899, alipanda jukwaani kumcheza Hamlet mwenyewe.

Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Zanzibar, anasimama kati ya pande hizi mbili. Mwaka 1928 alivuka bahari hadi Bombay kurekodi santuri, na sauti yake ikaenea pwani nzima na bara. Sura yake tunaijua kwa picha chache mno. Kilichomhifadhi ni santuri zile na wasifu alioandikiwa na mwandishi Shaaban Robert. Ufaransa ilimwekea Sarah rangi na mistari. Sisi tulimwekea Siti sauti na maneno, na maneno ya Shaaban yametosha kumfanya aishi.

Wengi waliokuja baada yake hawakuandikiwa wasifu. Gari la matangazo likishapita Mtaa wa Swahili halibakizi kitu hewani, na karatasi ya nguzoni hufunikwa na ya Jumamosi inayofuata, kisha ya mganga, kisha ya chumba cha kupanga. Waigizaji wa maigizo ya jukwaani, waliokesha wakiliza na kuchekesha watu kabla taarabu haijaanza, wengi wao hawana hata kipande kimoja cha karatasi chenye jina lao. Watafiti wa kigeni kama Siri Lange na Laura Edmondson wameandika kwa kirefu juu ya vikundi hivi. Maandishi hayo ni ya Kiingereza, na wasanii walioelezwa humo ni majirani zetu wa Ilala, Magomeni na Temeke.

Leo picha imeshinda. Filamu za kwenye kaseti na diski zilizouzwa Kariakoo zilibeba nyuso za waigizaji wa kike kwenye majalada yake, na mabango ya plastiki ya matamasha ya leo hujaa sura hadi pembeni. Nalifurahia hilo, maana mwanamke wa jukwaani sasa anaonekana. Ila kuonekana wiki moja si kuhifadhiwa.

Kwa hiyo nawaomba wenye kumbi, wachapaji, na waliowahi kushika maiki juu ya gari la matangazo: mkikuta kabatini karatasi ya Muungano au ya TOT, au kaseti ya tangazo, msiitupe. Andikeni nyuma yake mwaka, ukumbi na majina ya wanawake waliopanda jukwaani usiku huo, mkaikabidhi Makumbusho ya Taifa au maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Na waliopanda jukwaani wakiwa bado hai, waulizwe sasa.