Misalaba Mitatu ya Katanga

Mutu akiona kwa mara ya kwanza bendera ya zamani ya Katanga, anaweza kufikiri ni bendera ya chama cha wakristu. Upande wa juu ni nyekundu, upande wa chini ni nyeupe, katikati utepe wa kijani umepita toka pembe mpaka pembe, na penye nyeupe mna misalaba mitatu. Lakini misalaba ile si ya Golgota. Ni ya shaba, na kazi yake ilikuwa kulipia vitu.

Mbele ya kuja kwa wazungu, wafundi wa Katanga ya kusini walichimba mawe ya kijani, wakayeyusha shaba kwa moto wa makaa, wakaimwaga katika vishimo vyenye umbo la musalaba. Katika miaka ya 1957 na 1958 wataalamu walifukua makaburi ya Sanga, kando ya ziwa Kisale, katika inchi ya Baluba. Waliona wafu wamezikwa pamoja na misalaba ya namna hiyo. Ile ya zamani zaidi ilikuwa mikubwa na michache. Ile ya nyuma ilikuwa midogo, mingi, yenye kufanana. Ndiyo maana wanasema ilikuwa feza. Lakini kule Kisale hakuna machimbo ya shaba. Shaba ilitoka kusini, ikapita mikono mingi, mpaka ikafika kwa wavuvi wa ziwa. Basi musalaba ule ulikuwa kamba yenye kufunga kusini na kaskazini pamoja.

Tarehe 30 mwezi wa sita 1960 Kongo ilipata uhuru. Bendera yake ilikuwa ya buluu, yenye nyota moja kubwa na nyota sita ndogo, kwa ajili ya majimbo sita. Moja ilikuwa ya Kivu yetu, moja ya Katanga. Zilipita siku 11 tu, Moïse Tshombe akatangaza kwamba Katanga inajitenga. Katika bendera mpya nyekundu ilikuwa alama ya nguvu na ushujaa, kijani alama ya tumaini, nyeupe alama ya usafi, na misalaba alama ya utajiri. Hata sarafu za franga 1 na franga 5 za mwaka 1961 zilichorwa musalaba uleule. Feza ya mababu ikarudi kuwa feza.

Hapa ndipo penye neno la kutuhuzunisha. Baluba wengi wa kaskazini, pamoja na Jason Sendwe na chama chake cha Balubakat, walikataa kujitenga huko. Vita ikawaka, vijiji vikachomwa. Katika 1961 maelfu ya Baluba walikimbilia kambi ya ONU kule Elisabethville. Watu ambao mababu yao walilala kaburini na musalaba wa shaba, wao ndio waliokimbia bendera yenye musalaba huo.

Katika mwezi wa kwanza 1963 kujitenga kulikwisha. Lakini vidonda havikupona upesi. Sisi wa Bukavu tunajua: katika 1967 askari wa zamani wa Katanga walifika hapa pamoja na Jean Schramme, wakaushika muji wetu toka mwezi wa nane mpaka mwezi wa kumi na moja. Wazee wetu hawajasahau nyumba zilizobomolewa.

Kosa si la shaba, wala la rangi. Alama haina kinywa. Watu ndio wanaoisemesha. Kitu kilichowapatanisha wauzaji na wanunuzi wa lugha mbalimbali kilifanywa alama ya kusema: hii ni yetu, ninyi si wenzetu.

Na sisi wa seminari tusiwacheke watu wa Katanga. Musalaba wa Kristu nao unachukuliwa mbele ya watu kila siku ya Mungu. Kama katika parokia tunasema kwamba padri huyu ni wa kabila letu, na yule apelekwe kwao, tunaufanya musalaba kuwa bendera ya kufukuza. Katanga ilihitaji siku 11 tu kugeuza maana ya alama yake. Sisi tuchunge yetu, kwa maana Yeye aliyetundikwa juu yake alinyosha mikono yote miwili.