Bahati ya miaka 11

Wajameni, leo tuongee hesabu. Usikimbie! Najua wengi wetu tuliachana na mambo ya uwezekano siku ile ile tulipotoka kwenye chumba cha mtihani. Ila kuna kesi moja ya Marekani, ya mwaka 1977, ambapo hesabu hiyo hiyo ya darasani iliibana serikali ya jimbo mpaka ikakosa jibu.

Tuanze na mfano mdogo. Una mfuko wa shanga, nne kati ya kila tano ni nyekundu. Unachomoa shanga bila kuangalia, unairudisha, unarudia hadi mara tano. Je, kuna uwezekano gani wa kupata nyekundu mbili au pungufu?

Hapa ndipo inapoingia bainomia. Kukosa nyekundu kabisa: 0.2 ijizidishe mara tano, yaani 0.00032. Kupata moja: kuna njia 5, kwa hiyo 5 × 0.8 × 0.0016 = 0.0064. Kupata mbili: njia 10, yaani 10 × 0.64 × 0.008 = 0.0512. Jumlisha: 0.058, karibu mara 6 katika 100. Si kawaida, lakini hutokea. Mtu akikwambia "ni bahati tu", huna cha kumbishia.

Lakini Mswisi Jakob Bernoulli, katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1713, miaka minane baada ya kufa kwake, alionyesha jambo zito: kadiri unavyochomoa mara nyingi, ndivyo matokeo yanavyosogelea uwiano halisi wa mfuko. Kwa maneno mengine, bahati haina pumzi ya safari ndefu.

Sasa twende Texas, kaunti ya Hidalgo, mpakani na Meksiko. Mwaka 1972 Rodrigo Partida alitiwa hatiani kwa kuvunja nyumba usiku kwa nia ya kubaka. Akalalamika kwamba juri la raia lililoamua ashtakiwe lilipatikana kwa ubaguzi. Orodha ya wanajuri hao haikutokana na kura. Iliandikwa na makamishna walioteuliwa na jaji.

Kwa sensa ya 1970, asilimia 79.1 ya wakazi walikuwa na asili ya Meksiko. Katika miaka 11 waliitwa watu 870. Wenye asili hiyo walikuwa 339 tu.

Piga hesabu mwenyewe. Tarajio ni 870 × 0.791, yaani 688. Kuyumba kwa kawaida ni kipeuo cha pili cha 870 × 0.791 × 0.209, yaani kama 12. Pengo ni watu 349. Gawanya kwa 12, unapata 29. Wataalamu huanza kutilia shaka bahati pengo likivuka mara mbili au tatu ya kuyumba huko. Hapa ni mara 29! Jaji Harry Blackmun aliiweka hesabu hii kwenye tanbihi ya hukumu: uwezekano wa hilo kutokea kwa bahati ni chini ya 1 kwa namba yenye sufuri 140.

Jimbo nalo lilikuwa na hoja. Wenye asili ya Meksiko walishika nyadhifa nyingi za kuchaguliwa pale, na hata baadhi ya makamishna walikuwa wa asili hiyo. Mtu atawabagua vipi watu wake? Mahakama ya Juu ikakataa kuchukulia kwamba mtu hawezi kuwabagua wa kwao. Tena makamishna hawakuletwa kueleza walivyochagua. Partida akashinda, majaji 5 kwa 4.

Wanne waliopinga tusiwabeze. Hesabu hii inachukulia kwamba kila mkazi angeweza kuitwa, wakati sheria ilikuwa na masharti yake. Na bainomia haitaji jina la mtu wala haisomi nia ya moyoni. Kazi yake ni moja: kufunga mlango wa "ni bahati tu". Ukishafungwa, mwenye orodha ndiye anayepaswa kujieleza.

Kwa hiyo ndugu yangu, siku nyingine ukiambiwa majina yametokea hivyo kwa bahati, usigombane. Uliza mambo mawili tu: mfukoni mlikuwa na wangapi, na mmechomoa mara ngapi? Halafu chukua kalamu.

Mnaonaje?